Nyumba ya Sepa, Uliza Tu

Saa nane na robo mchana Rodel Magpantay alimteremsha mdogo wake kwenye uwanja wa mji wa Liliw, akamshika kiwiko kama alivyomshika kwa miaka ishirini, akasema, "Jovelyn, hujachelewa kubadili mawazo. Tunywe supu, turudi nyumbani."

"Kunywa wewe. Mimi nina miadi."

"Miadi na nani? Na mtaro?"

"Kuya, wewe ni kaka yangu, si pingu. Niachie mkono."

Akaachia, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima ambacho bado anakitaka.

Jovelyn alikuwa na miaka ishirini na minne. Surua ilimzima macho akiwa na minne, na tangu siku hiyo hakuwahi kwenda popote bila kiwiko chake kuwa mkononi mwa mtu. Shuleni alipelekwa. Kanisani alipelekwa. Hata kwenye mafunzo ya kukanda mwili, miezi sita, Rodel alimpeleka asubuhi na kumfuata jioni, na siku ya kupewa cheti alipanda naye jukwaani. Mikono ya Jovelyn ilikuwa hodari. Mwalimu wake alisema haijapita mikono kama ile katika darasa lake. Lakini mikono hodari iliyoshikwa kiwiko ilikuwa imekaa mwaka mzima nyumbani kwa Rodel, ikikunja nguo za watoto wake.

Ndipo akapiga simu kwa Aling Sepa, yaani Bi Sepa. Mama huyu, mwenyewe haoni tangu kuzaliwa, ndiye aliyeanzisha ushirika wa wakandaji wasioona, na mkoa mzima wa Laguna wenye migongo mibovu walilijua jina lake.

"Mikono yako nimepata habari zake," Aling Sepa alimwambia. "Mikono mizuri ninayo mingi. Ninachokosa ni miguu. Wateja wangu wanapiga simu, wanataka mtu aende nyumbani kwao. Mkandaji akija ameletwa na kaka yake, mteja anapika chai ya watu wawili na kuona haya kuvua shati. Nafasi ninayo moja. Njoo Jumanne, kabla ya sala ya saa tisa kwenye redio. Kuuliza, uliza hata mbwa. Kuletwa, hapana. Ukiletwa, rudi na aliyekuleta, na Jumanne inayofuata anakuja binti mwingine."

"Nyumba iko wapi, Aling Sepa?"

"Liliw. Ukifika uliza nyumba ya Sepa." Simu ikakatwa.

Sasa alikuwa Liliw, na saa tisa haikuwa mbali.

"Nitakaa hapa kwa muuza supu," Rodel alisema. "Ukipotea nipigie."

"Na nisipopotea?"

"Nipigie pia, nizimie."

Jovelyn alicheka, akatanguliza fimbo yake, akaondoka kabla magoti hayajaanza kufikiri.

Mtaa mkuu wa Liliw unajitangaza wenyewe. Harufu ya ngozi na gundi ya viatu ilimpokea, na mamia ya ndara zilizotundikwa milangoni zikagongana taratibu kila upepo ulipopita. Sauti ya mwanamke ikamrukia kutoka kulia. "Ndara, binti, ndara! Za harusi, za sokoni, za kumpigia mume!"

"Samahani po, mama," Jovelyn alisema. Hakusahau lile neno dogo la heshima, po, ambalo bila hilo hakuna Mtagalogi atakayekuelekeza hata chooni. "Nyumba ya Aling Sepa, mkandaji, iko wapi?"

"Kwa Sepa? Pale."

Kimya. Ndara ziligongana.

"Pale wapi po?"

"Pale! Si pale!"

Jovelyn alijua kilichokuwa kikitendeka. Watu wake hawamnyooshei mtu kidole, wala njia hawainyooshei kidole, kidole ni ufidhuli. Wanabinua midomo. Padri hubinua, mwalimu hubinua, mtoto hubinua kabla hajajua kusema, na nchi nzima huelewana kwa midomo iliyochongoka. Bila shaka mama huyu alikuwa amesimama mlangoni pake, amechongoa midomo kama anayetaka kuubusu ukuta wa ng'ambo.

"Mama, nadhani unanionyesha kwa midomo."

"Ulitaka nikuonyeshe kwa mguu?" Kisha macho yake yakashuka kwenye fimbo. "Ay, Bikira Maria! Huoni! Nisamehe, mwanangu, nisamehe!" Akageuka kumpigia kelele jirani. "Charing! We Charing! Nimembinulia midomo kipofu!"

"Umefanyaje?"

"Nimembinulia midomo! Mara mbili!"

Kicheko kikapanda mtaa duka kwa duka, na Jovelyn naye akacheka. Lakini kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Aibu ya mama yule ilitafuta pa kutokea, ikatokea mikononi. Alimkamata Jovelyn kiwiko, kilekile kilichokuwa hakijapoa kutoka kwa Rodel.

"Twende, nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

"Asante mama, ila ukinipeleka nakosa kazi."

"Kazi gani hiyo inayokataza watu utu?"

"Nivushe barabara tu, mama. Barabara inatosha."

Mama akamvusha, akisimamisha pikipiki kwa matusi ya upole, na walipofika ng'ambo hakuachia. Alianza kuvuta. Jovelyn alihisi mwili wake mwenyewe ukianza kufuata, kwa mazoea, kama ng'ombe anayejua kamba. Hilo lilimtisha kuliko magari.

"Mama, duka umeliacha wazi."

"Mungu analinda."

"Analinda. Lakini nasikia kuna mtu anajaribu kiatu."

Mama alirudi mbio hata kuaga hakuaga.

Jovelyn alishusha pumzi. Hakuwa amepata njia, ila alikuwa amevuka barabara na kukirudisha kiwiko chake, na vyote viwili alivifanya kwa mdomo wake. Akauliza tena. Safari hii alikuwa mwanamume, sauti laini, harufu ya sabuni ya kunyolea.

"Nyumba ya Aling Sepa? Aa, moja kwa moja tu, ineng. Moja kwa moja. Karibu tu."

Ineng, ndivyo wazee wa huku wanavyomwita binti. Neno lilimtia joto moyoni, akaenda moja kwa moja. Mtaa ulipinda kidogo, ukapanda, fimbo ikahesabu vizingiti, jasho likamtoka mgongoni. Mwishowe fimbo iligonga ngazi za mawe. Baridi nzito yenye harufu ya nta ilimshukia usoni. Alikuwa mbele ya kanisa.

"Unataka mshumaa, binti?" mzee mmoja aliuliza kutoka chini, karibu na miguu yake. "Wa macho uko hapa, rangi ya buluu."

"Nataka nyumba ya Aling Sepa po."

"Hapa ni nyumba ya Mungu. Ya Sepa siyo."

Juu yao saa ya mnara ikagonga mara moja. Saa nane na nusu. Theluthi ya muda wake ilikuwa imekwisha, nyingi aliitupa kwa yule mwenye sauti laini.

Alikaa kwenye ngazi. Simu ilitetemeka mfukoni, akajua ni Rodel, akaiacha itetemeke. Angeweza kuipokea. Angesema tu, "Kuya, njoo," na baada ya dakika tano kiwiko chake kingekuwa mkononi mwa mtu, na jioni angekunja nguo. Badala yake aliketi kumfikiria yule mwanamume. Hakuwa mwongo. Hakujua tu, na huku kumwambia mgeni sijui ni kama kumfungia mlango usoni. Kwa hiyo humpa kitu, chochote, moja kwa moja, karibu tu, kama mtu anayekosa chakula ndani na bado anamkaribisha mgeni mezani. Sasa, aliwaza Jovelyn, anayejua na asiyejua wanatofautianaje kwa sikio?

Akakumbuka mama wa ndara. Yule alijua. Hakusema karibu tu wala moja kwa moja. Alikasirika kuulizwa mara ya pili. Na nyumbani kwao, baba yake na majirani walipomwelekeza mgeni, hawakukubaliana hata siku moja. Mmoja alianza, wa pili akamkata, wa tatu akawaita wote wawili wajinga. Asiyejua ana sauti tamu. Wanaojua wanagombana.

"Mzee," alisema, "hapa mjini watu wabishi wanakaa wapi?"

Mzee wa mishumaa hakuhitaji kufikiri. "Kijiwe cha pikipiki, hapo chini ya kanisa. Jana wamepigana kuhusu jinsi ya kumenya nanasi."

Aliwafikia kwa mlio wa vizibo vya soda vikigongwa kwenye ubao wa drafti. Madereva wa pikipiki za kibanda walikuwa wameziegesha kivulini, hakuna abiria, wanacheza. Jovelyn alisimama katikati yao, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Samahani po, wakuu. Kati yenu nani anaijua zaidi njia ya kwenda kwa Aling Sepa mkandaji?"

Lile neno zaidi lilifanya kazi yake.

"Mimi," sauti ya kizee ilisema.

"Mang Isko, wewe hata njia ya kwako unakumbushwa," sauti ya kijana ilidakia. "Dada, unapanda mtaa huu mpaka sinema—"

"Sinema atapandaje, hapo ni juu sana, mwambie apite sokoni!"

"Sokoni kuna matope!"

"Nyie, sikilizeni," Jovelyn alisema, moyo ukimdunda kwa furaha. "Liliw kuna sinema?"

"Haipo," alisema kijana. "Iliungua."

"Lini?"

"Miaka kumi na minne iliyopita."

"Sasa nitajuaje nimefika sinema ambayo haipo?"

"Kila mtu anaijua," Mang Isko alisema, kama anayemhurumia.

"Anaijua aliyeiona. Mimi naomba niijue kwa masikio. Kuna nini pale sasa?"

"Hakuna kitu. Nyasi."

"Pande zote mbili kuna maduka ya ukuta?"

"Mpaka pale, ndiyo. Pale pamebaki pengo."

"Basi nitaisikia. Nikifika penye pengo?"

"Njia panda," alisema kijana. "Unakata kushoto."

"Kulia!" Mang Isko aligonga ubao, vizibo vikaruka. "Dado, wewe mtoto, unamtuma mwenzako mtoni! Ni kulia!"

"Kushoto! Mimi napita pale kila siku ya Mungu!"

"Mimi nilipita pale mama yako hajazaliwa! Kulia!"

Wengine wakagawanyika. Wawili upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia, na mmoja alidai Sepa alihama, akazomewa hadi akanyamaza. Jovelyn alisimama katika zogo lile kama mtu aliyesimama mvuani baada ya kiangazi. Walijua. Wote walijua. Lakini nyumba moja haiwezi kuwa kushoto na kulia, na wala Mang Isko wala Dado hakuwa na ule utamu wa sauti.

"Mang Isko," aliuliza, "asubuhi ukitoka kwako kuja kijiweni, unapanda au unashuka?"

"Nashuka. Mimi naishi juu, ilaya."

"Na wewe, Dado?"

"Mimi nakaa chini. Pale nafika nikipanda na abiria."

"Basi kila mtu anaipita hiyo njia panda uso wake ukiwa umeelekea kwa mwenzake. Kulia kwa mzee ndiko kushoto kwako. Nyumba ni moja. Mimi napanda kama Dado, kwa hiyo nakata kushoto."

Mtu mmoja aligeuka na kurudi palepale aliposimama, viatu vyake vikisaga kokoto, nusu duara huku, nusu duara kule.

"Kumbe," Dado alisema taratibu. "Miaka sita tunagombania ile njia."

"Nilikuwa na haki," alisema Mang Isko.

"Wote mlikuwa na haki."

"Mimi zaidi."

Wakapiga makofi. Mmoja alipiga honi. "Mfanyeni diwani huyu!" mwingine alipaza sauti. "Na baada ya kukata kushoto?" Jovelyn aliwauliza haraka, kabla sherehe haijamla dakika.

"Unaufuata mfereji. Nyumba ni ya geti la kijani."

"Dado," Jovelyn alisema, "kijani kinanukaje?"

Kicheko. Mang Isko ndiye aliyejibu, na sasa alikuwa amekwisha kuelewa mchezo. "Kinanuka siki. Jirani yake anapika siki ya nazi. Ukikuta pua inawasha, Sepa yuko ukuta wa pili."

"Mbali?"

Kitagalogi kina neno moja la mahali palipo mbali na wote wanaozungumza, doon, na urefu wa safari hupimwa kwa muda ambao mtu anaivuta ile sauti. Ni vivyo hivyo sisi wa Kiswahili tunavyolivuta neno kule. Jovelyn alitega sikio.

"Kuuuule," alisema Mang Isko.

"Hayo ni magoti yake yanasema," Dado alipinga. "Kuule. Hivyo tu. Panda, nakupeleka bure."

"Asante, lakini nikipelekwa nimeshindwa."

Hawakuuliza kushindwa nini. Walikuwa watu wa mashindano, wakaelewa. "Mwacheni apite!" Mang Isko aliamuru, na pikipiki mbili zilizoziba njia zikavutwa pembeni kumpisha.

Alipanda. Fimbo iligonga, ukuta wa kushoto ukajibu, ukuta wa kulia ukajibu. Duka, duka, kinyozi, mkate ukitoka jikoni, duka. Alienda kwa mwendo ambao hakuwahi kwenda, si mbio, bali mwendo wa mtu mwenye miadi. Na ghafla ukuta wa kulia ukaacha kujibu. Sauti ya fimbo iliondoka, ikaenda zake, haikurudi. Upepo mtupu ulimgusa shavu, na wadudu walilia majanini.

Sinema. Jovelyn alisimama akatabasamu peke yake barabarani. Mtu mwenye macho angepita hapo mara tatu akitafuta jengo. Yeye alikuwa amesikia kutokuwapo kwake.

Akakata kushoto.

Mfereji ulikuwapo kama walivyosema, maji ya baridi kutoka mlimani yakikimbia kando ya mguu wake. Alihesabu hatua mia na zaidi. Ndipo fimbo ikaonyesha jambo ambalo hakuna dereva aliyelitaja, pengine kwa sababu miguu yao haikuwahi kulifikiria. Mfereji uligawanyika. Njia moja ilifuata maji ya kushoto kwa daraja la ubao, nyingine ilipanda na maji ya kulia. Hakukuwa na harufu ya siki huku wala kule, upepo ulikuwa umelala. Redio ya nyumba fulani ilikuwa ikitoa wimbo wa mapenzi, na mtangazaji akasema zimebaki dakika tisa kabla ya sala.

Chap, chap, chap. Mwanamke alikuwa anapiga nguo kwenye jiwe.

"Samahani po, ate," Jovelyn alimwita, kwa jina la heshima la dada mkubwa. "Kwa Aling Sepa mkandaji ni njia ipi?"

Chap ikakoma. "Kwa Aling Sepa? Ee, endelea tu, ineng. Karibu tu."

Sauti ilikuwa tamu kama asali. Jovelyn akaamua kumpima.

"Aa, asante. Ndiyo ile nyumba iliyo karibu na kituo cha polisi, sivyo?"

"Ndiyo, ndiyo. Hapohapo karibu na polisi."

"Yenye ghorofa tatu?"

"Hiyohiyo."

Ghorofa tatu alizibuni mwenyewe papo hapo, na kituo cha polisi Jovelyn alikuwa amekipita uwanjani. Mwanamke huyu angekubali hata kama angeambiwa Sepa anakaa mwezini. Kumkasirikia haikusaidia. Kuondoka pia haikusaidia, hakukuwa na mwingine wa kuuliza, na dakika zilikuwa nane. Jovelyn aliinama kidogo kuelekea kwenye sauti ya maji. Mtu asiyejua nyumba ya Sepa si kwamba hajui kitu. Ana jiko. Ana mume anayetaka samaki wa kuchovya kwenye siki.

"Ate, hebu niambie, wewe siki huwa unanunua wapi?"

"Siki!" Sauti ilibadilika papo hapo, utamu wote ukadondoka. "Usinunue sokoni, wanatia maji! Nenda kwa yule mzee, pita hilo daraja la ubao, usipite huku juu maana huku juu ni kwa yule mwingine mwizi. Vuka, kuna banda la kuku linanuka, vumilia, halafu kuna mbwa, yuko kwenye mnyororo lakini anajifanya hayuko, mpite tu. Kule!" Na bila shaka alibinua midomo, lakini haikujalisha tena, kwa sababu ile kule ilikuwa fupi, imekatwa kama kwa kisu. Karibu kabisa. "Na usimpe chupa ya plastiki, huyo mzee ana matusi!"

"Ate, Mungu akuzidishie!"

"Kumbe unatafuta siki, si ungesema!"

Daraja la ubao lililia chini ya miguu yake. Banda la kuku lilikuwapo na lilinuka kama lilivyoahidiwa. Mbwa alimrukia, mnyororo ukamkamata hewani, akabweka matusi yote ya ukoo wake, na Jovelyn alipita akimjibu, "Na wewe pia." Kisha pua ikawasha. Siki, nzito, ya nazi, ikimpanda hadi kwenye machozi. Alifuata ukuta kwa kiganja, ukuta wa kwanza, pengo, ukuta wa pili, chuma baridi. Geti. Alilipiga kwa ngumi, kama polisi.

Ndani, redioni, mtangazaji alikuwa bado anasoma tangazo la dawa ya mbu.

"Nani?" sauti kavu iliuliza kutoka barazani.

"Jovelyn Magpantay po. Nimekuja kazini."

"Ingia. Tembea mpaka hapa, nikusikie."

Jovelyn alitembea. Aling Sepa alizisikiliza hatua zake mpaka alipofika.

"Fimbo moja, miguu miwili," alisema mwishowe. "Hakuna aliyebaki getini? Mara ya mwisho alikuja mmoja na rafiki yake akajificha nyuma ya mlimau. Nilimwambia rafiki atoke, malimau yangu hayanuki soksi."

"Niko peke yangu po."

"Wangapi walitaka kukushika mkono?"

Jovelyn alifikiri kudanganya, akaacha. "Kwa mikono, mmoja. Kwa pikipiki, mmoja. Wa mikono nilimkubalia kuvuka barabara, nikamwacha ng'ambo."

"Umemwachaje?"

"Nilimtia wasiwasi na duka lake."

Aling Sepa alitoa sauti puani, huenda ilikuwa kicheko. "Vizuri. Asiyemkubali mtu hata kuvuka barabara simtaki, atanifia. Na asiyejua kumwacha ng'ambo simtaki. Sinema umeijuaje?"

"Ukuta uliacha kujibu."

"Na mfereji ulipogawanyika? Hapo ndipo wanapokwama wote. Wale madereva mabwege hawautaji."

"Nilikuta mama anafua. Hakukujua. Nikamuuliza anakonunua siki."

Sasa Aling Sepa alicheka kweli, kicheko kikubwa cha mwili mkubwa, hata kiti chake cha mianzi kikalalamika. Redioni kengele ikalia na sauti ya padri ikaanza sala ya saa tisa. Mama akanyamaza katikati ya kicheko, wakasimama wote wawili, wakaisali mpaka mwisho. Jovelyn alisema maneno yote kwa sauti ya wazi.

Baada ya amina Aling Sepa aliingia ndani, akarudi na mfuko wa kitambaa wenye uzito wa chupa. Akauweka mikononi mwa Jovelyn, akaipapasa mikono yenyewe, kidole gumba hadi kifundo, haraka, kama mtu anayekagua vyombo alivyokwisha kuvinunua.

"Mafuta mawili, taulo tatu. Mke wa mwenye kiwanda cha ndara shingo imekauka tangu juzi, hageuki. Nilimwambia saa kumi anakuja mtu. Sikumwambia nani, maana sikujua kama atafika. Nyumba yake iko ilaya, juu ya kanisa. Uliza."

Simu ya Jovelyn ilitetemeka. Safari hii aliipokea.

"Uko wapi?" Rodel alikuwa anahema, kama aliyekuwa akizunguka. "Nimepiga mara nne! Umeanguka? Niambie uko wapi, nakuja kukuchukua."

"Kuya, niko kwa Aling Sepa. Nimefika kabla ya sala."

Kelele za uwanja zilisikika nyuma yake, honi na muuza supu.

"Nani amekuleta?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kuya, kula supu yako, urudi nyumbani. Waambie watoto nguo zao wakunje wenyewe. Mimi nina mteja saa kumi, na kesho nina wengine."

"Na jioni? Utarudije?" Sauti yake ilikuwa imepungua, na Jovelyn alimpenda kwa moyo wote wakati ule, akiuwaza mkono wa kaka yake huko uwanjani, mtupu, haujui pa kukaa.

"Nitauliza njia," alisema. Akatia simu mfukoni, akaning'iniza mfuko begani, akashuka ngazi za baraza. Nje ya geti mtu alikuwa anapita akipiga mluzi. Jovelyn aliongeza mwendo ili amuwahi.